Tupeane uzoefu: matembezi mepesi na magofu ya kale kando ya hori la Strangford, Ireland ya Kaskazini

Msafiri wa Pwani

Ndugu wanajamvi, salaam. Wengi wetu tunaoishi Belfast na miji ya jirani hupokea wageni kutoka nyumbani, na mara nyingi wageni hao ni wazazi ambao magoti yao hayataki tena milima. Ndiyo sababu nimeona tukusanye mahali pamoja uzoefu wetu wa kutembea kando ya hori la Strangford. Ninazungumzia matembezi ya saa moja au mbili, kwenye njia tambarare au yenye mwinuko mdogo, na penye jambo la kale la kutazama. Wapenda kukwea Milima ya Mourne wana uwanja wao.

Kwa asiyelifahamu, hori hili liko kusini mashariki mwa Belfast, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 150, na huungana na bahari kupitia mlango mwembamba wenye urefu wa kilomita 8 hivi. Mashariki limekingwa na rasi ya Ards. Magharibi limejaa visiwa vidogo, ambavyo kwa hakika ni vilima vya mviringo vilivyoachwa na barafu ya kale, kisha bahari ikaja kuvizamisha nusu. Karibu kila jengo la kale mtakaloliona lilijengwa likiyaelekea maji, kwa kuwa zamani vyombo vya majini ndivyo vilivyobeba watu na mizigo. Kwa hiyo ninaomba kila anayechangia ataje pia hali ya maji, maana njia ileile wakati wa kujaa na wakati wa kupwa ni njia mbili tofauti.

Naanza na Castle Ward, karibu na kijiji cha Strangford, mahali ninapopapenda kuliko pote. Ndani ya shamba hilo, linalotunzwa na shirika la National Trust, kuna jumba la karne ya 18 lenye sura mbili: upande mmoja una nguzo na mistari iliyonyooka kwa mtindo wa Kirumi, na upande unaotazama hori una madirisha yaliyochongoka kama ya makanisa ya kale. Bernard Ward, aliyelijenga, alitaka mtindo wa kwanza, na mkewe, Bi Ann, alitaka wa pili. Hakuna aliyekubali kushindwa, basi wakagawana nyumba. Ndoa yenyewe haikudumu, nao wakatengana.

Jumba hilo lisiwachukulie muda wote. Shukeni hadi kwenye ua wa shamba, ulipo mnara wa zamani wa ukoo wa Ward wa karne ya 16, kisha mfuate njia ya ufukweni mkielekea kaskazini hadi Audley's Castle. Huu ni mnara wa mawe wa karne ya 15 uliosimama juu ya kilima kifupi, na kutoka hapo mtaona mlango wote wa hori, pamoja na Portaferry ng'ambo. Mwenye nyumba ile hakuna chombo kilichoweza kuingia au kutoka bila yeye kukiona. Njia ni ya changarawe na udongo. Baada ya mvua huwa na tope, hivyo viatu vyepesi vya mjini havifai. Mgeni mwenye nguvu anaweza kuendelea kidogo hadi kwenye kaburi la mawe la Audleystown, ambalo ni la Enzi ya Mawe Mapya, na ambamo wachimbuzi walikuta mifupa ya watu zaidi ya 30. Mzee anaweza kubaki mnarani na chupa ya chai bila kupoteza kitu.

Nahodha wa Pemba

Ndugu Msafiri, umefanya vyema kudai hali ya maji, na mimi nitashika hapohapo. Kati ya vijiji vya Strangford na Portaferry kuna kivuko kinachobeba watu na magari, nacho huvuka kwa muda usiozidi dakika 10. Anayekataa kupanda humlazimu kuzunguka hori zima kwa barabara, safari ya kilomita 75 hivi. Simameni sitahani mtazame jinsi chombo kinavyoelekeza omo (sehemu yake ya mbele) pembeni, mbali na gati kinakokwenda, kwa sababu mkondo unakisukuma kwa nguvu. Katika bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji ya mlango huu hukimbia karibu kilomita 14 kwa saa, na mahali yanapogonga miamba iliyo chini huzuka vizingia vinavyoonekana wazi kutoka ufukweni. Ndiyo maana mwaka 2008 iliwekwa hapa mashine ya SeaGen, yenye uwezo wa megawati 1.2, iliyozalisha umeme kwa mkondo wa maji. Sasa imekwisha kuondolewa.

Matembezi yangu ni mafupi. Ukishuka Portaferry, utakuta hatua chache kutoka gatini ngome ndogo ya karne ya 16 iliyokuwa ya ukoo wa Savage. Ukiitazama kwa dakika chache, ingia kwenye msitu wa Nugent, ambao njia yake hufuata ukingo wa mlango wa hori chini ya miti. Nenda saa mbili hivi baada ya maji kuanza kupwa, wakati mkondo unatoka kwa kasi na sili wamepanda juu ya miamba. Wakati wa maji mafu, yaani siku za maji madogo, mandhari ni mazuri pia, lakini mlango hupoa, na mgeni hataelewa unamsifia nini.

Jambo moja muhimu: maji hujaa ndani ya hori saa moja na zaidi baada ya kujaa pwani ya nje. Msitumie jedwali la bandari ya Belfast mkadhani linatosha.

Mama Latifa

Shikamoo Nahodha. Mimi natembea na kigari cha mtoto, na mama mkwe wangu anatumia fimbo, kwa hiyo nitakuwa mkali zaidi juu ya hiyo njia inayoitwa nyepesi. Njia ya Audley's Castle kwa kigari ni mateso, tusemezane ukweli.

Kwetu sisi Mount Stewart, jumba la kale lenye bustani kwenye rasi ya Ards, ndiyo iliyofaa. Bustani zake, zilizopangwa na Bi Edith Londonderry katika miaka ya 1920, zina njia imara, na njia inayozunguka ziwa lake haina ngazi. Mkitulia mtaweza kuona kuchakuro wekundu, ambao sehemu nyingine wamefukuzwa na wale wa kijivu. Kuna pia jengo la Temple of the Winds lililojengwa katika miaka ya 1780, lenye pembe nane na lililoinuka juu ya hori. Kufika huko kunahitaji kupanda kidogo, nasi tulipokezana kumlinda mtoto chini. Kiingilio si kidogo kwa familia, hivyo wanaokwenda mara kwa mara wafikirie uanachama wa National Trust.

Karibu na hapo, kijijini Greyabbey, kuna abasia (nyumba ya watawa) iliyoasisiwa mwaka 1193 na Affreca, binti wa mfalme wa Kisiwa cha Man na mke wa John de Courcy, bwana wa Kinormani aliyeitawala sehemu hii. Inasimuliwa kwamba aliweka nadhiri hiyo baada ya kuokoka dhoruba baharini. Kuta zimesimama vya kutosha kuonyesha madirisha marefu yenye ncha, miongoni mwa ya mwanzo ya aina hiyo katika Ireland, na uwanja wake ni wa nyasi fupi ambapo mzee anaweza kutembea bila hofu. Basi la Belfast kwenda Portaferry hupita Newtownards, Mount Stewart na Greyabbey, kwa hiyo wasio na gari wanaweza kuunganisha yote mawili kwa siku moja.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa furaha. Ninashangaa, hata hivyo, kwamba hakuna aliyetaja Nendrum, pahala ambapo kwangu mimi panazidi majumba yote ya mabwana.

Nendrum ni magofu ya nyumba ya watawa katika kisiwa cha Mahee, upande wa magharibi wa hori, nayo huhusishwa na Mtakatifu Mochaoi wa karne ya 5. Visiwa vimeunganishwa na bara kwa njia za tuta, kwa hiyo gari hufika karibu kabisa, na kinachobaki ni kupanda mteremko mfupi wa nyasi. Utaona kuta tatu za mawe zilizozungukana, moja ndani ya nyingine. Kanisa lilikuwa katika duara la ndani, na mafundi na wakulima katika yale ya nje. Kisiki cha mnara wa duara kipo, na saa ya jua ya mawe ipo pia.

Lakini hazina yenyewe iko chini, ufukweni. Wataalamu walichimba pale wakakuta mabaki ya kinu cha kusagia nafaka kilichoendeshwa kwa maji ya bahari, na mbao zake zilionyesha kuwa kilijengwa mwaka 619. Hakuna kinu cha maji kujaa na kupwa kilichochimbuliwa popote ambacho kimethibitishwa kuwa cha kale zaidi. Watawa walijenga tuta la mawe na udongo kuziba kihori kidogo. Maji yalipojaa yaliingia bwawani, lango likafungwa; bahari ilipopwa nje, maji ya bwawa yaliachiwa kupitia mfereji na kuligonga gurudumu lililolala, lililoshikana moja kwa moja na jiwe la kusagia lililo juu yake. Saa za kusaga zilisogea kila siku pamoja na mwezi, na watu ambao siku yao ilipangwa kwa saa za sala iliwabidi kuamka usiku si kwa ajili ya Mungu tu bali na kwa ajili ya unga. Mwaka 789 kinu kingine kilichukua nafasi ya kile cha kwanza. Nendeni maji yakiwa yamekupwa sana, maana yakijaa hakuna cha kuona upande huo ila maji matupu.

Kijana wa Tanga

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa somo. Nina swali: je, kuna mahali pa kwenda bila kuchungulia jedwali la maji kabisa? Mimi hufanya kazi kwa zamu na siwezi kuchagua saa.

Mama Latifa

Mdogo wangu, nenda mto Quoile, karibu na Downpatrick. Tangu mwaka 1957 kuna kizuizi kilichojengwa mlangoni mwake ili kuukinga mji na mafuriko, na bahari haipandi tena huko. Gati la zamani la meli za mvuke sasa liko kando ya maji yasiyo na chumvi. Njia ni tambarare, kigari kinapita, na mabaki ya Quoile Castle yako palepale njiani. Abasia ya Inch iko ng'ambo ya mto, karibu sana kwa gari.

Msafiri wa Pwani

Nakubaliana na Dada. Ninamwongezea Kijana kwamba zamu yake ikimruhusu hata mara moja katika Oktoba, aende Island Hill karibu na Comber, ambako tuta la miguu huelekea kisiwa kidogo cha Rough. Maelfu ya bata bukini hufika hori hili wakitoka Aktiki ya Kanada, wakifuata nyasi za baharini zinazoota kwenye tope la kaskazini. Hapo jedwali ni lazima, kwa kuwa tuta hufunikwa maji yanapojaa, na anayekawia kisiwani atalazimika kusubiri mpaka yapwe tena.