Kitabu kinaitwa "Mlango wa Uani". Jaladani niweke mlango au nisiweke?

MwanaMakorora (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nina hadithi fupi tisa, nimezikusanya kwa miaka minne, sasa nataka kuzichapa mwenyewe kwa kudunduliza. Mimi si mtu wa majina ya mafumbo. Hadithi ya ndoo inaitwa Ndoo. Nyingine ni Ngazi, Jiko la Mchina, Sanduku la Bati, Kitanda cha Kamba, ni hivyohivyo tu. Kitabu chenyewe nimekipa jina la hadithi ya mwisho, Mlango wa Uani.

Kijana anayenisaidia usanifu kaniletea jalada lenye mlango wa Zanzibar, ule wa nakshi na misumari ya shaba. Unapendeza kweli, lakini kila nikiutazama roho inagoma na sijui kwa nini. Nikajaribu akili mnemba, ikanipa mlango wenye bawaba upande uleule wa kitasa. Rafiki yangu ananiambia nisiweke mlango kabisa, eti jina limeshasema mlango, picha irudie ya nini? Akanishauri niweke mawingu. Mawingu!

Nisaidieni. Jina likiwa linataja kitu waziwazi, picha inakuwa ya nini? Pia nataka kapicha kadogo juu ya kila hadithi, kwa hiyo tatizo langu ni mara kumi.

Mtundu77

Weka dirisha. Watu wakihoji, waambie ni mlango wa dharura.

MzeeWaVitabu

Mwanangu, nimeuza vitabu mezani miaka mingi, sina elimu ya usanifu. Mteja wa barabarani anapita akitembea. Akiona mawingu anadhani ni kitabu cha dini au cha kufaulu maisha, anaendelea na safari yake. Weka mlango.

Ila uwe mlango wenyewe. Niliwahi kuletewa kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, jaladani wamepanga kuku weupe wa kisasa, wale wa bandani. Wafugaji walikuwa wanakishika, wanacheka, wanakirudisha. Mtu aliyekosea kuku jaladani atakufundisha nini kuhusu kuku? Na hilo lako ndilo kosa lilelile. Mlango wa nakshi ni wa mbele, wa kumwonyesha mpita njia kwamba humu wamo wenye nafasi. Uani hakuna anayepigilia shaba.

MwanaMakorora

Shikamoo baba. Umenitegulia kitendawili, ndicho kilichokuwa kinanikera! Nyumba ya kwenye hadithi ni hizi zetu za Tanga: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, mwisho uani kwenye jiko na choo. Mlango wa uani ni mbao zilizopigiliwa bati, unafungwa kwa msumari uliopindwa.

MzeeWaVitabu

Marahaba. Basi upige picha huo.

KassimRangi

Mimi nasanifu majalada, nakubaliana na mzee nusu. Mlango sahihi ni hatua ya kwanza. Lakini ukiweka bati na mbao na juu yake ukaandika Mlango wa Uani, umetengeneza ukurasa wa kitabu cha chekechea: A, andazi, picha ya andazi. Msomaji kaambiwa kitu kimoja mara mbili.

Jina likiwa la wazi hivi, mimi hujiuliza jina limeficha nini. Mlango, sawa, wa nani? Saa ngapi? Nani kapita sasa hivi? Picha ifanye kazi hiyo iliyobaki. Hebu tuambie hadithi yenyewe inahusu nini, usiimalize.

BiKanga

Mwaya mie nauza kanga, na jambo hili kanga ilishalimaliza zamani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina linasema lake, mji unachorwa lake. "Japo sipati tamaa sikati" nimeiuza ikiwa na mananasi, na hakuna mama hata mmoja aliyeniuliza nanasi linatafuta nini pale. Anasoma jina, anatazama ua, anazipatanisha mwenyewe kichwani. Usiwadharau wasomaji, weka picha unayoipenda.

KassimRangi

Bi Kanga, heshima yako, ila jina la kanga ni usemi. Nanasi halipingani na usemi. Kitabu kikiitwa Ndoo halafu nikachora nanasi, mtu anadhani kiwandani wamechanganya majalada.

BiKanga

Haya, nanasi ondoa. Lakini mawingu pia ondoeni.

MsomajiWaUsiku

Kuna kisa kinachofanana sana na chako. Franz Kafka aliandika hadithi ya mtu anayeamka asubuhi akajikuta amegeuka mdudu. Mwaka 1915 akasikia mchapishaji amempa mchoraji Ottomar Starke kazi ya jalada. Akaingiwa na hofu, akaandika barua kuomba mdudu asichorwe, hata kwa mbali. Akapendekeza mengine, moja likiwa wazazi na dada wamekaa kwenye chumba chenye taa, na mlango wa chumba cha pili uko wazi, ndani giza.

Jalada lililotoka lina mwanamume aliyejifunika uso kwa mikono, anaondoka, nyuma yake mlango umeachwa wazi kidogo. Mdudu hayupo, ila ukitazama lile giza la mlangoni unajua yumo. Kwa hiyo dada, kuna aliyewahi kuuchora mlango kwa sababu hakutaka kuchora kitu chenyewe. Wewe kitu chenyewe ndiyo mlango! Labda ufanye kinyume, utuonyeshe yule anayeujia.

KassimRangi

Kisa kizuri, lakini kisitumike kama sheria kwamba kitu kilichotajwa kisichorwe. Debussy alitunga muziki akauita Bahari, jina la wazi kuliko hata la huyu dada. Noti zake zilipochapwa Paris mwaka 1905, jaladani liliwekwa wimbi, lile la mchoraji Mjapani Hokusai. Bahari juu ya bahari. Likakaa vizuri, kwa sababu halikuwa picha ya pwani yenye jua na mnazi. Walichukua wimbi peke yake, mitumbwi na mlima Fuji vya kwenye picha ya Hokusai wakaviacha. Likabaki wimbi linalotaka kukuangukia.

MwanaMakorora

Nimesoma zote mara mbili. Hadithi kwa ufupi: binti anarudishwa kwao na talaka. Barazani pale mbele majirani wanakaa kutwa, kwa hiyo anatoka na kuingia kwa mlango wa uani, miaka saba. Mama yake hamsemeshi habari hiyo hata siku moja. Ila kila usiku hapigi msumari, anauegesha tu.

KassimRangi

Dada! Hilo ndilo jalada. Mlango ulioegeshwa. Jina linasema mlango, picha inasema haukufungwa. Sitaki kusikia kitu kingine.

BiKanga

Jamani huyo mama. Nimeacha mteja anasubiri.

MsomajiWaUsiku

Naondoa wazo langu la kumwonyesha binti. Asionekane. Mwanga wa kibatari upite kwenye ule ufa, basi.

MzeeWaVitabu

Na mimi nitaweza kukiuza, maana mlango upo.

FundiChapa

Nimechelewa, nilikuwa mashineni. Picha ya usiku ni tamu kwenye simu, ikichapwa inazama, hasa kwenye karatasi isiyong'aa. Simu ina taa nyuma, karatasi haina. Piga magharibi, usingoje giza, na kabla ya kulipia nakala zote omba uchapiwe jalada moja la majaribio. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210, ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji karibu pikseli 1,819 kwa 2,551. Halafu ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu, uone kama ule ufa bado unaonekana. Watu wengi watakiona kwenye simu kwanza.

Na picha yoyote uliyoiokota mtandaoni achana nayo. Ile ya mlango wa Zanzibar muulize huyo kijana kaitoa wapi. Kama ina leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya kutumia kazi ya mtu kwa masharti, soma herufi zake: BY ni lazima umtaje mpigaji, NC huruhusiwi kufanyia biashara, na wewe unauza.

MwanaMakorora

Kasema "kwenye Google". Nashukuru sana. Je, zile ndogo za ndani? Ndoo ni ya msichana anayechota maji ya kuuza. Ngazi ni ya fundi aliyeanguka.

KassimRangi

Ndoo: chora ile kata ya kitambaa ya kichwani, imelala chini peke yake. Ngazi: ukuta wenye alama mbili pale ilipokuwa imeegemezwa. Lakini usifanye hivyo kwa zote tisa, itakuwa ujanja wa kuchosha, msomaji ataanza kutafuta kitu kilichofichwa badala ya kusoma. Jiko la Mchina lichore lenyewe, zima, na tambi zake. Kuna vijana hawajawahi kuliona, wakisoma jina watafikiria Mchina anapika. Hapo picha ya wazi ndiyo inayosaidia.

Sanduku la bati lichore likiwa limefungwa. Kitanda nitakifikiria.

Mtundu77

Kitanda weka mawingu.

MwanaMakorora

Nimerudi. Jana magharibi nilikwenda kwetu nikaupiga huo mlango. Mama kanisimamia muda wote, anauliza kwa nini napiga hilo bati lenye kutu na mlango wa mbele tumepaka rangi mwezi uliopita. Picha moja imetoka vizuri mno, ufa unaonekana hata nikiipunguza. Ila kwenye kizingiti kuna ndala zake mama, sikuziona wakati napiga. Nizifute?

KassimRangi

Ukizifuta sikusaidii tena.

BiKanga

Ni mbili au moja? Mbili, mtu yumo ndani. Moja, mbwa kapita.

MwanaMakorora

Mbili, zimeelekea nje.

MzeeWaVitabu

Ziache hivyohivyo mwanangu.

FundiChapa

Ziache. Na unitumie kama dokumenti, usinitumie kama picha ya WhatsApp, inaibana mpaka kutu inageuka uji.