Templeti ndani ya templeti: kompaila yangu inataja mstari ambao haupo

Sangara_Nyegezi: Habari za jioni wakuu. Nina kilugha changu kidogo cha programu; kompaila, yaani programu inayokitafsiri kwa kompyuta, nimeiandika mwenyewe. Templeti moja, yaani kiolezo chenye nafasi T ya kujazwa aina ya data, haina shida. Nikipachika, mfano Orodha<Kapu<Dagaa>>, ukikosea kidogo unapewa ujumbe ambao hauonyeshi umekosea wapi. Jumatatu naionyesha kwa watu hapa Mwanza. Nifanyeje usomeke?

Kirumba1: Kwani magunia ya dagaa Excel imeyashindwa?

BiIgoma: Hiyo >> unaisomaje? Lugha ya C++ kabla ya toleo la 2011 ilidhani ni alama ya kusogeza biti, watu wakawa wanaacha nafasi katikati.

Sangara_Nyegezi: Hiyo nilishaimaliza dada. Shida ni ujumbe.

StekiKamili: Kila ukianza kujenga templeti, weka juu ya steki (rundo ambalo cha mwisho kuingia hutoka kwanza) mambo matatu: jina lake, aina ilizopewa, na mahali ilipoitwa (faili, mstari, safuwima). Ukimaliza, toa. Kosa likitokea chapa kosa lenyewe kwanza, kisha shuka na steki. Usichape yote, kompaila za C++ kama GCC na Clang huishia ngazi 10 usipobadilisha -ftemplate-backtrace-limit. Na ukikata, ondoa ngazi za katikati. Ngazi ya mwisho ndiyo aliyoiandika mtumiaji.

WaKamanga: Sasa hivi inachapa nini?

Sangara_Nyegezi: "mwanzo.kz:212: Dagaa haina uzito()"

WaKamanga: Na faili la mwanzo.kz lina mistari mingapi?

Sangara_Nyegezi: 40.

WaKamanga: Mistari 40, kosa mstari wa 212! Wakuu hii ni chai, tena ya maziwa. Hakuna kompaila hapa.

Kirumba1: Naleta vitumbua.

Sangara_Nyegezi: Si chai jamani. Haya, templeti naibandika kama maandishi kabla ya kuchanganua (kompaila kusoma muundo wa programu): palipo na T naweka Dagaa, faili linavimba. 212 ni ya faili lililovimba. Ila nina skripti ya kurudisha namba, imebaki kidogo tu, sitaki kubomoa.

StekiKamili: Hilo ungelisema mwanzo. Skripti itakwama kwenye bandiko ndani ya bandiko, maana mstari mmoja una asili mbili. Kwa Jumatatu, kila unapobandika tanguliza alama, kama #line ya C, yenye faili na mstari wa asili, jina la templeti na aina zake; ukimaliza weka ya kutokea. Kichanganuzi kikikutana nazo kijaze na kupunguza steki. Baadaye achana na kubandika: changanua templeti mara moja iwe mti wa muundo wake, kila tawi libebe mahali lilipotoka, ndipo unakili mti.

BiIgoma: Na Kapu itamke wazi kwamba T lazima iwe na uzito(). Ukikagua sharti pale inapoitwa, kama C++ toleo la 2020, huhitaji hata kuingia ndani.

WaKamanga: Tuwekee inachochapa, maneno matupu hapana.

Sangara_Nyegezi: Nimeweka alama. Hii hapa:

kapu.kz:7:12: Dagaa haina uzito()
imeitwa orodha.kz:22:5, Kapu<Dagaa>
imeitwa mwanzo.kz:14:9, Orodha<Kapu<Dagaa>>

Ila safuwima ya kwanza inadanganya, ilitakiwa 8. T moja imegeuka Dagaa, herufi nne zimezidi.