Mtoto wa mafigo, tumbo linauma na homa juu: nikubali atolewe maji?

MamaWawili, Morogoro
Ndugu zangu, naandika nikiwa wodini. Mwanangu ana miaka mitano, mafigo yanavujisha protini tangu mwaka jana, anatumia dawa ya prednisoloni. Juzi alivimba tena, asubuhi macho hayafunguki. Jana usiku homa ikapanda, akatapika, akajikunja, hata kanga ikimgusa tumboni analia. Nilidhani minyoo, baba yake akasema kidole tumbo. Daktari anataka kumchoma sindano tumboni atoe maji kidogo yapimwe. Mama mkwe amekataa, anasema aliyetolewa maji harudi nyumbani. Karatasi ya kusaini ninayo mkononi. Nifanyeje?

MamaTausi
Pole sana dada. Saini sasa hivi. Wangu yalimkuta hayohayo, na mimi ndiye niliyechelewesha, siku mbili nampa dawa ya minyoo. Walimchoma ganzi, dakika chache wakamaliza. Maji kwenye bomba la sindano yalikuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Nilipoyaona nililia. Wanaofariki wengi hufikishwa wakiwa wameshazidiwa, sindano inasingiziwa tu.

Tabibu wa Kijijini
Mama, figo likivujisha protini, kinga za mwili nazo zinatoka na mkojo. Maji yaliyotuama tumboni yanageuka shamba la bakteria, hasa numokoka, yuleyule wa nimonia. Kwa mtoto mwenye afya ugonjwa huu, peritonitisi (maambukizi ya utando wa ndani ya tumbo), ni nadra sana, ila kwa watoto wa mafigo, homa na tumbo vikija pamoja lazima tuutafute. Prednisoloni inaficha dalili: tumbo laweza kuwa laini na homa ndogo huku ndani kunaungua. Chembe za nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikizidi 250 kwa mikrolita ya maji hayo, tunatibu. Majibu ya kuotesha vimelea huchukua siku, kwa hiyo dawa ya mshipani haiyangoji. Tofauti na kidole tumbo, huu kwa kawaida hauhitaji kisu. Prednisoloni msiikatishe ghafla. Na kaangalie kadi ya kliniki: chanjo ya numokoka ni wiki ya 6, 10 na 14.

MamaWawili, Morogoro
Nimesaini. Maji yametoka na ukungu, hayapitishi mwanga. Dawa ya kwanza imeingia saa nne asubuhi hii. Bibi yake amekaa kitandani anampepea na ile kadi. Wiki ya 14 haina tarehe. Asanteni sana.