Tupeane uzoefu: mliojiandaa na Comrades, vilima mlivipata wapi na viliwafanya nini?

bapa_la_Dar (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu wa Dar, siyo wa kugombea zawadi. Nimeingia kichwa kichwa kwenye hili wazo la Comrades, ile ya Afrika Kusini kati ya Durban na Pietermaritzburg, wengi mnaijua, ipo tangu 1921, kwa kawaida mwaka mmoja wanapanda kutoka Durban mwaka unaofuata wanashuka kutoka kule juu, kilomita zinacheza kwenye 86 mpaka 90 na masaa ni 12 tu, bunduki ikilia hata kama umebakiza hatua tatu medali huna.

Shida yangu mji wetu bapa. Nikitoka Kinondoni kwenda daraja la Tanzanite mlima pekee ninaokutana nao ni daraja lenyewe. Sasa hivi Jumamosi nadamkia Pugu, napanda kama naelekea Kisarawe, nashuka, napanda tena, mpaka boda wa pale wamenizoea, siku ya kwanza mmoja alinifuata akaniuliza "bro umedondosha nini?" maana ananiona narudia palepale. Ratiba za mtandaoni ninazo, tena nyingi mno, sizitaki. Nataka yaliyokukuta wewe mwenyewe, hasa pale ulipokosea.

shambani_kibosho

Hongera kaka kwa uamuzi. Mimi nilienda 2023, mwaka wa kushuka. Nilifuzu kwa mbio zetu hizi za Kilimanjaro pale Moshi, zinahesabika, walitaka kilomita 42 ndani ya saa 4 na dakika 50. Waliokimbia Moshi wanajua ule mchezo, nusu ya kwanza barabara ya Dar tambarare unajiona bingwa, halafu wanakugeuza wanakupandisha Mweka jua likiwa limeshaamka. Kwa hiyo mimi nikajiambia nimezaliwa mlimani, nalima mlimani, maji nilichota mlimani, nani wa kunitisha na kilima? Miezi yote mitatu nikawa nafanya kupanda tu, Kibosho juu, nikifika naita boda inishushe kwa sababu giza linaingia na watoto wananisubiri.

Hilo ndilo kosa langu na nalisema hadharani. Kule njia ina vilima vitano wanavyoviita kwa majina, Cowies, Field's, Botha's, Inchanga na Polly Shortts. Mwaka wa kushuka Polly Shortts unautelemka mapema miguu ikiwa bado mipya, raha tupu, unapunga mikono kwa watu. Field's Hill unaikuta ukiwa umeshamaliza kilomita sitini na kitu, ni mteremko wa karibu kilomita tatu mkali kweli, na mapaja yangu yalikuwa hayajawahi kufundishwa kushuka hata siku moja, maana kazi ya kushuka nilimwachia boda. Ukishuka misuli ya mbele ya paja ndiyo inafunga breki kila hatua, inajivuta huku imebeba uzito wako wote, inachanika ndani kidogo kidogo. Nilifika chini Pinetown miguu inatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Watu wananipita wanazungumza! Nilimaliza kwa saa 11 na dakika kadhaa, siku tatu ngazi za pale nilipofikia nikawa nazishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, na kucha mbili za miguu zikaaga.

Kwa hiyo kaka hapo Pugu kazi siyo kupanda. Kimbia ule mteremko, taratibu lakini kimbia, hatua fupi fupi, usirudi na bodaboda.

mzee wa kitambi

Mimi kilomita 86 naziendea kwa basi na bado nafika nimechoka. Naweka kambi hapa kusoma tu.

Lushoto kwetu

Dada wa Kibosho umesema kweli tupu. Sisi huku njia ya Mombo mpaka Lushoto ni darasa tosha, kama kilomita 32 za lami, unatoka kwenye joto la chini kule unapita Soni unaishia kwenye baridi ya kuvaa sweta. Tulikuwa watatu tunajiandaa, tukapanga Jumamosi tunapanda Jumapili tunashuka, makusudi kabisa miguu ikiwa imechoka ya jana, na Jumapili ndiyo yenye faida kuliko Jumamosi hata kama huamini. Tahadhari moja, kona zile malori na kosta hazina huruma, tulikuwa tunakimbia upande wa kutazamana na magari, na kwenye kona kali tunatembea tu kwa ustaarabu.

Kula nayo ni mazoezi. Mwenzetu mmoja alikuwa anakimbia tumbo tupu miezi yote anasema ndio nidhamu, siku ya siku tumbo likakataa kila kitu, alitapika kuanzia Inchanga mpaka mwisho. Kule barabarani utapewa viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, machungwa, soda, na maji yako kwenye vipakiti vya plastiki unang'ata kona unanyonya, kama enzi zile za viroba vya pombe kabla havijapigwa marufuku. Sisi Soni tulikuwa tunanunua viazi kwa mama mmoja tunakula huku tunatembea, watu wanashangaa hawa wana njaa gani ya kushindwa kukaa chini.

Ngong_si_mbali

Sasa mimi niko Nairobi, wacha niwape ya huku. Nilikuwa nadhani nimeweza sana kwa sababu kila wikendi nilikuwa Ngong Hills, vile vilima vya mgongo mrefu hadi upande ule mwingine na kurudi, upepo unakupiga hadi kofia inapotea. Pumzi nilikuwa nayo, hiyo sitadanganya, kule juu unapita mita 2,400 na Durban iko baharini. Lakini Ngong ni udongo na nyasi, na Comrades ni lami kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilomita ya 50 mifupa ya mbele ya miguu ilikuwa inauma kama imegongwa na nyundo. Mwaka uliofuata nikaanza kufanya nusu ya mazoezi kwa barabara, shida ikaisha. Kitu kidogo tu hivyo.

Halafu kuvaa bendera ya Kenya kifuani ni kujitakia. Mzee mmoja wa kule ana miaka sabini hivi akanifikia karibu na Drummond, pale katikati ya njia, akanitazama akaniuliza mbona niko huku nyuma na wao, wenzangu wameenda wapi? Nikamwambia mzee mimi ni mhasibu.

Ila watu wa ile barabara ni wazuri ajabu. Kuna shule ya watoto wenye ulemavu, Ethembeni, watoto wanatoka wanapanga mstari kando ya barabara wanawapiga wakimbiaji mikono. Hapo hata ukitaka kulia kwa sababu ya goti unaona aibu.

nilichelewa

Nimesita kuandika lakini mtoa mada kaomba makosa, haya.

2024, mwaka wa kupanda, karibu kilomita 86 kutoka Durban. Nilijiandaa vizuri kuliko wote mnaosoma hapa, nadhani. Morogoro, barabara ya kupanda Morningside, mara tatu kwa wiki, na kiburi changu kilikuwa kimoja, sitembei. Mtu akitembea kwenye kilima namhesabu kashindwa. Nilikuwa na rafiki wa klabu ya joging alikuwa anafanya nguzo mbili za umeme anakimbia, ya tatu anatembea, tulimcheka sana, tukampa jina la fundi Tanesco.

Tulianza saa 11 na nusu alfajiri ya kwao, giza, watu wanaimba, unasisimka mpaka unasahau umekuja kufanya nini. Cowies nikakimbia yote, Field's nikakimbia yote, Botha's yote. Fundi Tanesco sikumwona tena nikasema basi yule tayari kapanda gari la walioacha. Drummond katikati nimefika mapema na akiba nzuri ya dakika. Inchanga iko hapo hapo mbele yake, na pale ndipo mwili ulizima taa. Yaani siyo maumivu, ni hakuna kitu, unauamrisha mguu unakuangalia tu. Kutoka hapo mpaka Umlaas Road, ambako ndiko juu kabisa ya njia yote, nilitembea, na kutembea kwenyewe sijui, kwa sababu sijawahi kufanya mazoezi ya kutembea haraka, nilikuwa najikokota kama mtu anayetoka msibani. Fundi kanipita hapo. Hakunicheka, alinipa kipakiti cha maji akaendelea na hesabu zake za nguzo.

Polly Shortts mwaka wa kupanda inakuja ukiwa umebakiza kama kilomita nane, sina la kusema kuhusu hiyo. Bunduki niliisikia nikiwa bado niko nje ya uwanja. Wana utaratibu wao, mpigaji anasimama amewapa mgongo wakimbiaji ili asione nani anakuja. Mimi nilikuwa mbali hata kwa mtu anayetazama mbele, lakini niliwaona waliokuwa hatua kumi kutoka kwenye mstari, wamepiga magoti pale chini. Nilimaliza nikitembea, nikachukua begi langu.

Fundi alimaliza kwa saa 11 na dakika 40. Medali yake ndogo ile, ukiiona utashangaa, watu wanateseka kwa kitu cha ukubwa wa sarafu.

shambani_kibosho

Pole sana kaka. Umenifanya niache kupika.

nafanya_famasi

Naomba niongeze moja tu kutoka kazini kwangu. Wakimbiaji mnakuja dukani wiki ya mbio mnanunua diklofenaki na ibuprofeni za kumeza njiani, acheni. Mwili ukiwa umekauka maji, damu kwenye figo inapungua, na hizo dawa zinaipunguza zaidi, mtu anamaliza mbio anakojoa mkojo mweusi kama soda ya kola. Na upande wa pili, kunywa maji kila kituo hata kama huna kiu nako ni hatari, chumvi ya damu inashuka, unavimba vidole, kichwa kinauma, unachanganyikiwa. Kunywa ukisikia kiu, weka kitu cha chumvi mdomoni. Mafuta ya mgando paka makwapani, mapajani na kwenye chuchu, wanaume hili la chuchu msilione la kuchekesha, mtaniambia mkioga.

mzee wa kitambi

Hilo la kuoga nalithibitisha, mimi ni kilomita 10 tu na nilipiga kelele mke akadhani nyoka.

bapa_la_Dar (mleta uzi)

Aisee. Sikutegemea uzi kwenda hivi. @nilichelewa nimesoma yako mara mbili, ahsante kwa kuandika. Nimebadilisha Jumamosi yangu yote: nguzo mbili nakimbia, moja natembea, na mteremko naukimbia mpaka chini hata boda wakinibembeleza. Mkuu swali moja tu, unarudi?

nilichelewa

Nimeshaanza. Fundi Tanesco ndiye kocha, na jina tumemvua.

bapa_la_Dar (mleta uzi)

Basi Jumamosi ijayo mkishuka Dar nawasubiri Pugu saa 11 alfajiri, viazi naleta mimi.