Eti sisi ni "abiria"! Kaja kutusikiliza kuhusu kuunganisha vyuo vya theolojia, kaondoka na sambusa yangu tumboni

YonaTumboni (mtoa mada)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, tahajia mtanisamehe. Nimetoka ukumbini dakika arobaini zilizopita. Sijala, sijasali, na sambusa yangu iko tumboni mwa mtu mwingine.

Huyu mzee mnamjua. Simtaji. Yule wa kaunda suti ya rangi ya ugoro, kila sentensi anaanza na "kimsingi". Aliyewahi kuhubiri Ijumaa Kuu mpaka Yesu akakaribia kufufuka sisi tukiwa bado kwenye mabenchi. Eeeh, huyo huyo.

Sasa leo kaja chuoni kwetu kuhusu hili la kutuunganisha na wenzetu wa kule bondeni. Tangazo limekaa ubaoni wiki nzima: "kusikiliza maoni ya wanafunzi". Tukajiandaa kama tunaingia mtihani wa Kigiriki. Mwaka wa tatu tumeandika maswali kwenye karatasi, tumeyapanga. Mama mmoja kaja kutoka nyumba za wenye ndoa, mtoto mgongoni. Jikoni wakakaanga sambusa, kitu ambacho chuoni kwetu hutokea akija mgeni au akifa mtu.

Kaongea saa moja na nusu. Kusikiliza kwenyewe ndiko huko. Kimsingi wafadhili, kimsingi ithibati, kimsingi walimu wenye uzamivu hawatoshi kugawana vyuo viwili. Sawa, hayo hata mimi nayajua. Maktaba yetu ina fafanuzi za Biblia ambazo ukizifungua kurasa zinaruka kama kumbikumbi. Mimi sikwenda pale kupinga muungano, jamani.

Nikanyosha mkono. Nikasimama, sahani mkononi, sambusa moja. Moja, wakuu, maana ziligawiwa kwa hesabu. Nikauliza kwa adabu yote niliyolelewa nayo: "Shikamoo baba. Sisi tunaomaliza, cheti chetu kitatoka kwa jina la chuo kipi? Na wenzetu wenye familia, kule bondeni nyumba zipo?"

Akaanza kunisogelea. Nikajua anakuja kunipa mkono. Mkono wake ukaja, ukaupita wangu, ukatua sahanini, ukaibeba sambusa. Akaing'ata kona. Akatafuna taratibu. Ukumbi kimya, unasikia manda zikivunjika. Akameza, ndipo akasema: "Kijana, mwanafunzi ni abiria. Abiria hamuulizi dereva basi linapita wapi."

Halafu akaimalizia.

ABIRIA! Mdomoni ana nyama ya kusaga! Nauli ya huyu abiria wamelipa akina mama wa usharika wetu, wamenadi kuku na mikungu ya ndizi nje ya kanisa Jumapili tatu mfululizo ili mimi nikae kwenye kile kiti. Na abiria gani asiyeuliza? Nenda stendi ya Mbezi, abiria anamuuliza dereva, anamuuliza konda, anamuuliza mpaka muuza karanga.

Narudia, aliing'ata KONA. Ile kona iliyokauka vizuri, ambayo mimi huwa naiacha iwe ya mwisho.

Nikakaa chini. Ukumbi mzima hakuna aliyefungua kinywa, isipokuwa yule mtoto wa mgongoni, ndiye pekee aliyelia. La cheti halikujibiwa. La nyumba halikujibiwa. Kafunga kwa sala, kaombea umoja, na baada ya amina akajifuta mafuta vidoleni kwa karatasi yetu ya maswali.

Hapa tumbo linanguruma na sijui linanguruma kwa njaa au kwa hasira. Msiniulize chuo gani.

---

Kumbikumbi wa Masika

Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Sehemu ya pili ya sambusa lini?

MzeeWaKigiriki

Kijana, nimesoma mara mbili. Muungano umeupa mistari mitatu, sambusa umeipa uzi mzima. Unapinga vyuo kuunganishwa au unadai fidia ya nyama?

YonaTumboni

Mzee wangu, hukuwepo. Alinitazama machoni wakati anatafuna.

MzeeWaKigiriki

Na jina lako lilivyo, ulitegemea nini? Yona siku zote kuna kitu kinamezwa.

Konda Mstaafu

Mimi nimepiga debe miaka kumi na minne. Dereva asiyetaka kuulizwa njia huwa haijui. Hayo mengine ya vyeti siyajui, ila hapo kwenye dereva niaminini.

Mama wa Nyumba ya Saba

Huyo mtoto aliyelia ni wangu. Hakulilia muungano, alililia hiyo hiyo sambusa, maana wewe Yona ulikuwa umemwahidi nusu tangu kwenye foleni. Hilo mbona umeliruka?

Na mkimaliza kucheka nami nina langu. Nyuma ya nyumba nimepanda mahindi, yako magotini. Mkubwa wangu yuko la tatu, kapata mwalimu anayempenda, kaacha kulia asubuhi. Mume wangu anasema tusubiri barua. Barua ikija tuhame mwezi ujao, atavuna nani? Ng'ombe wa chuo?

Kumbikumbi wa Masika

Nusu uliyomwahidi mtoto!! Yona kwisha habari yako.

YonaTumboni

Dada, nilikuwa nampa. Aliichukua kabla sijaikata.

Kengeleni Kwetu

Nyinyi mwalilia kushuka bondeni? Chuo cha Mtakatifu Paulo cha Limuru kilizaliwa huku kwetu Mombasa, Frere Town, mwaka 1903. Mwaka 1930 wakakibeba hadi Limuru kwenye baridi na majani ya chai. Mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakaungana pale pale, wakala sahani moja, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili. Sisi tumebaki na ile kengele ya kale ya misheni, na foleni ya matatu mbele ya kengele. Mwatuona twafungua uzi?

Kumbikumbi wa Masika

Mwaka 1930 wangefungulia wapi, kwenye mnazi?

MzeeWaKigiriki

Msiende mbali. Chuo cha Makumira kilianzia Lwandai, milimani Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira 1954. Kutoka ukungu wa Lushoto hadi chini ya Mlima Meru, Arusha. Kuna aliyeuliza kama wale vijana walipewa sambusa?

Mbeba Boksi

Huku Marekani ndiyo nyumbani kwa kuunganisha. Seminari ya Kilutheri ya Gettysburg, ya 1826, na ya Philadelphia, ya 1864, wamezifanya moja mwaka 2017. Rais wa kwanza wa hicho chuo kipya hakufikisha mwaka, 2018 akaondolewa. Seminari ya Andover Newton, mizizi yake ni 1807, kafunga eneo lake la Newton kahamia Chuo Kikuu cha Yale, leo ni kama mpangaji ndani ya nyumba ya mjomba tajiri. Ila huku viti vitupu, wanafunzi wamekwisha. Ninyi kwani mmepungua?

YonaTumboni

Tunalala wanne chumba cha wawili.

Mbeba Boksi

Basi bondeni mtalala wanane. Anza mazoezi ya kulala ubavu mmoja.

Mama wa Nyumba ya Saba

Huyo Mbeba Boksi ndiye aliyeuliza swali la maana tangu asubuhi. Kama tumejaa huku na wao wamejaa kule, tunaungana ili tukae wapi?

Frateri wa Zamani

Mnalia na sambusa moja. Mimi nimekaa seminari miaka saba. Maharage ya Jumatatu ndiyo hayo hayo ya Jumapili, yameongezwa maji na sala. Baba Gambera, mkuu wa seminari, alikuwa na kuku wanaokula mchele, sisi tunawachungulia kupitia uzio kama wana wa Israeli wanavyoitazama Kanaani. Na kufukuzwa hakuna kikao wala tangazo ubaoni. Unaitwa jioni unaambiwa, "Mwanangu, kapumzike kidogo nyumbani." Huu mwaka wa kumi na moja, bado napumzika.

Konda Mstaafu

Hahaha! Pumzika kwa amani, Frateri.

Ustadhi Mstahimilivu

Na sisi tuliosoma seminari za Kiislamu tuingie, au uzi huu ni wa upande mmoja? Maana mimi kuna mwalimu wa zamu alizikusanya tende zetu saa kumi na moja jioni, Ramadhani, eti azihifadhi zisiingie sisimizi. Adhana ikalia, yeye hayupo, ufunguo haupo, sisimizi hayupo. Tulifuturu kwa maji ya bomba na hasira. Hadi leo nikiona tende kavu moyo unadunda.

Frateri wa Zamani

Karibu ndugu yangu, wewe ndiye pekee humu unayejua mateso. Sasa ulikuwa mmoja wa wale wa kuku au wa uji?

Ustadhi Mstahimilivu

Uji. Kuku tulikuwa tunamsikia akiwika tu.

YonaTumboni

Wakuu, naomba tusitoke nje ya mada. Mtu mzima, mtumishi, kaitwa kusikiliza, kaniita abiria mbele ya chuo kizima huku anatafuna...

Kumbikumbi wa Masika

Swali dogo mtoa mada. Umesema nyama ya kusaga. Chuo cha theolojia kinatoa wapi nyama ya kusaga? Sisi chuoni kwetu sambusa ni viazi, na viazi vyenyewe vinapitishwa tu karibu na pilipili.

Kengeleni Kwetu

Sambusa ya viazi? Hiyo huku kwetu hatuiiti sambusa.

Frateri wa Zamani

Ya viazi ni tamu kuliko ya nyama iliyojaa vitunguu. Nabishana na yeyote.

Kengeleni Kwetu

Miaka saba ya maharage imekuharibu ulimi, kaka.

YonaTumboni

Jamani, nyumba za wenye ndoa...

Mama wa Nyumba ya Saba

Zangu naweka nyama, karoti kidogo na giligilani. Manda nakunja mwenyewe, sinunui. Yona, kesho mlete mtoto nusu yake.