Kujitwika jukumu: ni sifa au ni kejeli?

Mzazi, Nakuru:
Walimu na wapenzi wa lugha, nawasalimu. Binti yangu anasoma shule ya upili hapa Nakuru, na juma lililopita alirudishiwa insha ikiwa na mstari mwekundu chini ya sentensi hii: "Baba alipofariki, kaka yangu alijitwika jukumu la kutulipia karo." Pembeni mwalimu ameandika kwamba kujitwika ni kwa mzigo wa kichwani, na kwamba kitenzi hicho kikitumiwa kwa jukumu huwa kinamkejeli mtu aliyejitafutia taabu, kwa hiyo angeandika "alibeba jukumu". Chini kidogo, penye "jukumu hilo alilijitwika kwa moyo mmoja", amekata tena, safari hii bila maelezo yoyote. Mimi nimelelewa Bungoma, ambako neno "twika" tulilisikia kila jioni njiani kutoka mtoni, na redioni hakupiti siku bila mtu "kutwikwa jukumu" fulani. Hata hivyo, binti aliponitaka nimweleze kosa lake liko wapi, nilikosa la kumwambia. Naomba mnisaidie.

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Mzazi mwenzangu, kabla ya kufungua kamusi ningekuomba uende sokoni siku ya soko na umtazame mama aliyenunua gunia la viazi. Atakunja leso yake mviringo iwe kata, aiweke utosini, achutame kando ya gunia, kisha amwite yeyote anayepita: "Mwanangu, nitwike." Gunia hilo akishasimama nalo hatatizika kulibeba hadi nyumbani, kazi ngumu ni kulipandisha. Akifika ataomba tena: "Nitue." Kutwika basi ni tendo la kumpandishia mwingine mzigo, na kwa kawaida huhitaji watu wawili. Sasa mfikirie mama huyo huyo akiwa peke yake njiani, hana wa kumwita. Hulivuta gunia hadi gotini, akalipandisha pajani, akavuta pumzi, akalirusha kichwani kwa mkupuo mmoja. Huko ndiko kujitwika. Kiambishi "ji" kinatuambia kwamba mtwikaji na mtwikwaji ni mtu mmoja.

Ukilitazama neno hivyo, utaona kwamba binti yako alichagua vizuri kuliko alivyosahihishwa. Hakuna aliyemwagiza kaka yule alipe karo: wazee hawakuketi wakamkabidhi, wala marehemu hakuacha usia. Alichutama mwenyewe akainuka nalo. "Alibeba jukumu" si kosa, lakini kunaeleza mwendo tu, hakusemi mzigo ulifikaje kichwani. Ndiyo maana pia waziri husemwa "ametwikwa", kwa kuwa yupo aliyemteua.

Kuhusu kichwa, maana ya asili ni hiyo kweli, ila neno halikubaki hapo. Katika Mathayo 23:4, Biblia ya Kiswahili inasema juu ya watu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine mabegani mwao. Ikiwa kutwika kulishashuka hadi mabegani, sioni kwa nini kuzuiwe kufika kwenye karo.

Mfanyabiashara, Kisumu:
Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya asili ya neno, lakini nadhani umemwonea kidogo yule mwalimu wa Nakuru. Mimi huuza samaki Kibuye, na pale sokoni, mtu akilalamika kwamba amemdhamini rafiki yake katika chama na sasa anadaiwa yeye, jibu la kwanza atakalolipata ni, "Umejitwika mwenyewe," au, "Kwani nani alikutwika?" Kejeli aliyoisikia mwalimu ipo, na huenda ndiyo matumizi yanayosikika zaidi mitaani. Hutokana na "ji" hiyo hiyo uliyoisifu: ikiwa hakuna aliyekupandishia mzigo, basi hakuna wa kumwita akutue. Wahenga nao walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mtazamaji huuona mwepesi sana. Kwa hiyo ningesema kitenzi hakibebi sifa wala lawama, bali hutegemea kilichotwikwa: karo ya wadogo zako ni sifa, ugomvi wa majirani ni upuuzi.

Mhariri, Nakuru:
Naomba niongeze mambo mawili. La kwanza ni kosa la pili la binti, ambalo ni kosa kweli. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha mtendwa, na "ji" ikishaikalia, "li" ya jukumu haina pa kuingia. Tunaandika "jukumu hilo alijitwika kwa moyo mmoja". Tukitaka kirejeshi, tunaandika "jukumu alilojitwika", kwa sababu "lo" ina nafasi yake kando. Tofauti kati ya "alilijitwika" na "alilojitwika" ni irabu moja tu, na kila mwaka naikuta katika miswada ya watu wazima wenye shahada.

La pili ni wakati. Kujitwika ni tendo la mara moja, kama kuvaa, na hali inayofuata huonyeshwa kwa "me". Anayejitwika ndoo ndiyo kwanza anaipandisha. Aliyejitwika tayari anatembea nayo. Kwa hiyo mtu hasemi kwamba kaka "alikuwa akijitwika karo kwa miaka 6", isipokuwa kama alikuwa akiitua kila muhula na kuipandisha upya. Hapo ndipo "kubeba" kunapostahili: alijitwika siku ile ya matanga, akabeba miaka yote 6.

Kwa kuwa binti ni mwanafunzi, huenda akafurahia kujua kwamba msamiati wa mizigo umeenea hata darasani kwake. Kituo, awe anangojea basi pale au anakitaja katika uchambuzi wa ubeti, kimetokana na kutua. Kibwagizo kimetokana na kubwaga. Hata anayesemekana kupagawa ana undugu na mpagazi, maana kupagaa ni kuchukua mzigo begani, na aliyepagawa ni kana kwamba pepo amempanda huko.

Mzazi, Nakuru:
Nawashukuru nyote. Nimemsomea binti maelezo yenu, na la "alilijitwika" amelikubali bila ubishi. Ila ameuliza swali ambalo sikulitarajia: je, kaka yake akimaliza kulipa karo ya mdogo wa mwisho, tuseme amejitua?

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Mwambie asiandike hivyo. Anayetwika hutaja mtu na mzigo, ndiyo maana tunasema "mtwike mtoto ndoo". Lakini anayetua mzigo wake mwenyewe hahitaji "ji", kwa kuwa kushusha hakumlazimu mtu kuomba msaidizi. Kaka ametua, au ametua mzigo. "Ametuliwa" tutalihifadhi kwa siku ambayo wadogo zake watapata kazi na kumwambia apumzike.