MREJESHO: Tarehe za auto_now sasa zinaonekana kwenye admin ya Django

Hamjambo ndugu zangu. Ni mimi wa Mombasa, niliyeuliza kwa nini tarehe za auto_now_add na auto_now (zinazojijaza zenyewe rekodi inapoundwa na kila inapohifadhiwa) hazionekani kwenye fomu ya admin, yaani kurasa za usimamizi za Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), katika mfumo wa stoo ya vipuri hapa Changamwe.

Uliyeniambia nizitie kwenye readonly_fields (orodha ya sehemu za kusomwa tu), Mungu akuzidishie. Django yenyewe huzifanya editable=False (zisizohaririwa), ndiyo maana fomu inaziruka. Mimi nilikuwa nimeziweka kwenye fields (orodha ya sehemu za fomu) pekee, nikawa napata kosa la FieldError tu. Sasa zinaonekana na hakuna wa kuzichezea.

Saa zilikuwa nyuma kwa saa 3; TIME_ZONE = 'Africa/Nairobi' ikamaliza hilo.

Kilichogoma ni kupandisha bei za bidhaa nyingi kwa mpigo: updated_at (tarehe yangu ya auto_now) haisogei, kwa sababu queryset.update(), inayobadilisha rekodi nyingi moja kwa moja kwenye hifadhidata, haipiti kwenye save() ya kila rekodi. Ushauri wa signals (msimbo unaoamshwa rekodi inapohifadhiwa) nao haukufaa, maana update() haiziamshi. Kwa sasa naandika updated_at=timezone.now() ndani ya update() yenyewe. Inafanya kazi, ila kila atakayeongeza kitendo kipya cha kubadilisha bidhaa kwa mpigo itambidi akumbuke, na hilo bado linanikera.

Ahsanteni sana.